Alipanda na Mtoto

Kwaruu. Kwaruu. Kisha kimya. Kisha tena, kwaruu.

Usiku wa manane, akina mama wenzangu, ukisikia sauti kama hiyo nyuma ya jiko lako utasema ni panya, utajigeuza ulale. Hakuwa panya. Alikuwa mwanamke mmoja, mama wa mtoto mchanga, amechuchumaa gizani na kisu cha jikoni, anakwangua tumbo la mtumbwi wa mume wake. Ndiyo, mume wake wa ndoa, tena anayempenda. Ishikeni sauti hiyo masikioni, tutairudia.

Mumewe alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Kutwa nzima amesimama karibu na injini, unga umemjaa mpaka kwenye kope, akirudi nyumbani mke humsemesha na kumsemesha ndipo ageuke. Sasa mtu huyo, mto ukiwa umetulia, kabla mvua za vuli hazijaanza, akapata wazo ambalo pale kijijini hakuna aliyewahi kulisikia. Alitaka achukue mtumbwi alioachiwa na baba yake, aende juu ya mto peke yake, alale porini siku chache, arudi.

"Unakwenda kuvua?" mke akauliza.

"Hapana."

"Kuwinda?"

"Hapana, Mama Koku. Kukaa tu."

"Kukaa! Kwani hapa umesimama?"

Mume akacheka. "Nataka nisikie kimya. Hii injini inanguruma kichwani hata nikilala. Nikikaa kule kidogo labda itazimika."

Akavuta sinia, akamwaga unga, akautandaza kwa kiganja, akachora mto kwa kidole. Hapa pana mchanga, nitalala usiku wa kwanza. Hapa mto unapinda, viboko ni wengi, nitapita mchana, tena nikiambaa ukingoni. Hapa usiku wa pili. Jumatatu jua likizama hamjaniona, waambie vijana waanze kunitafuta kwenye huu mchanga. Alikuwa amepanga kila kitu, jamani. Turubai, chandarua, sufuria ndogo, kiberiti ndani ya chupa ya plastiki kisilowe, kasia la akiba, na kopo la lami na vitambaa vya kuzibia, maana, alisema, mtumbwi ukivuja kule sina wa kumwita.

Halafu akamtazama mkewe. "Una neno? Unaogopa kubaki?"

Naye akatoa lile jibu letu, mnalijua. "Mimi? Niogope nini? Nenda tu." Akaukung'uta ule unga kwenye maji yaliyokuwa yanachemka, mto na mchanga na viboko vyote, akakoroga uji.

Kumbe anaogopa! Hajawahi kulala peke yake na mtoto. Anawaza viboko, anawaza mtumbwi umepinduka, anajiona mjane na mtoto hajaota hata jino. Na jirani yake, alipomweleza, alipiga kofi pajani. "Mwanamume aende porini kusikiliza kimya? Hicho kimya kimevaa kanga, mwenzangu. Wewe endelea kupika uji."

Basi. Ndipo usiku wa kuamkia safari akatoka na kisu.

Mtumbwi ulikuwa umelazwa kifudifudi nyuma ya jiko, na chini ulikuwa na ufa wa zamani uliozibwa kwa kitambaa na lami. Akakwangua lami, akavuta kitambaa, kikatoka chote, akakitupa shimoni. Hakutaka mume afe, msimfikirie vibaya! Alitaka abaki. Hesabu yake ilikuwa kwamba mume atausukuma majini, maji yataingia pale pale kwenye kina cha magoti, atalowa viatu, atarudi amenuna, yataisha. Kuhusu ile sauti hakujali, masikio ya mtu wa mashine yameshakufa. Akarudi ndani akamkuta mume amelala, uso ukutani. Akalia kidogo, usingizi ukamchukua kama jiwe.

Alfajiri mtoto akamwamsha. Si kwa kulia. Kwa kutetemeka. Mwili moto, macho yamegeuka juu, povu mdomoni, degedege, akina mama, nani hapa hajui degedege? Na zahanati iko ng'ambo ya mto, na mwenye kivuko haji mpaka jua litoke. Mke akapiga ukelele, mume akainuka, hakuuliza, akapita jikoni ambako mkaa ulikuwa bado mwekundu, mke akauona na hakujiuliza ni nani aliyewasha, akamsikia nyuma ya nyumba akiuburuta mtumbwi kuelekea mtoni.

"Mlete! Kimbia!"

Akakimbia. Alipofika ukingoni mtumbwi uko majini, mume amesimama ndani na kasia mkononi, anamtazama. Anamtazama usoni.

"Panda, Mama Koku."

Akasimama pale pale ukingoni. Anajua kilichoko chini ya ule mtumbwi, ni yeye peke yake anayejua. Neno moja tu linatosha, umetoboka, mimi ndiye. Watatafuta mtumbwi mwingine, wataamsha watu. Lakini atajua! Mume atajua, na mama mkwe, na jirani, na kila mwenye kusaga unga pale mashineni.

"Panda. Au una neno?"

Mnajua alifanya nini? Alisema, "Sina."

Akapanda.

Akapanda na mtoto! Akaketi, kitoto kinatetemeka mapajani, mume akasukuma, ukingo ukabaki nyuma, na yeye macho yako chini anangoja maji. Wakafika penye kina. Anangoja. Katikati ya mto, anangoja. Miguu mikavu. Akapapasa kwa kidole gumba pale penye ufa, kidole kikanata. Lami. Lami mpya, laini bado.

"Nilikusikia," mume akasema nyuma yake, hakuacha kupiga kasia. "Injini iko kichwani, ndiyo, lakini kisu kwenye mtumbwi wa baba yangu nakisikia. Nikangoja ulale, nikachemsha lami, nikaziba. Nikasema asubuhi ataniambia mwenyewe. Ungeniambia tu unaogopa, ningebaki, tangu siku ile ya sinia." Kisha kasia likasimama, na sauti yake ikabadilika. "Lakini wewe hukujua kama nimeziba. Ulijua uko wazi. Ukapanda na mtoto?"

Ukapanda na mtoto.

Wapendwa, mimi kile kisu namsamehe. Woga ndio uliokishika. Lakini yale matako yaliyoketi! Na sisi je? Ni nani kati yetu hajui nyumba yake imepasuka wapi, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyekwangua, kwa uongo mmoja mdogo wa woga, na badala ya kusema ameketi juu ya ufa, watoto mapajani, anatabasamu, anasema sina neno, twende? Tunaona aibu kuliko tunavyoogopa kuzama. Tunaona aibu kuliko tunavyowapenda watoto!

Na tunadhani Mungu hasikii. Dunia ina kelele, mashine inanguruma, ataisikia vipi kwaruu yangu moja ya usiku? Haya, niambie, ni mara ngapi umengoja maji ukakuta miguu mikavu? Ukasema, kumbe sikutoboa sana. Ulitoboa, dada yangu. Ulitoboa kabisa. Kuna aliyeamka wewe umelala. Na sasa anakutazama usoni, anakuuliza, una neno?

Mtoto alipona, msihangaike. Lakini kabla mtumbwi haujagusa ng'ambo, yule mama alifungua kinywa, akina mama, na mto mzima ungeweza kumsikia.

"Baba Koku, ni mimi. Ni mimi niliyebandua, kwa kisu chetu cha nyanya. Niliogopa kubaki. Halafu nikaogopa kusema." Akajifuta kamasi kwa pembe ya kanga. "Utamwambia mama yako?"

Kasia likaingia majini tena.

"Nilikuwa nangoja kuambiwa na mwenyewe, na nimeambiwa," mume akasema. "Mshike mtoto vizuri. Sitamwambia mtu mwingine."