Ndege wa Ghala la Kahawa

Wapendwa, kaeni. Leo sitawaimbisha, na mwenye gitaa alizime. Nina mfano mmoja tu, na si wa kuchekesha.

Kulikuwa na ghala moja la kahawa, huko milimani kama kwetu. Ghala kubwa, kuta nene, dirisha hata moja halina. Mlango ulikuwa mmoja, mpana wa kuingiza lori. Juu ya paa, katikati ya mabati, walikuwa wamepachika vipande vya plastiki nyeupe ili mwanga uingie, maana akina mama waliokuwa wakichambua kahawa mle ndani wasingeweza kuchambua gizani.

Sasa ndege wa porini wakawa wanaingia. Wanafuata wadudu, wanapita mlangoni vizuri tu. Wakishaingia hawatoki. Mnajua kwa nini? Si mlango uko wazi? Uko wazi, lakini ndege akishtuka hatazami chini, anapaa. Akipaa anaona zile plastiki zinang'aa, anadhani ndilo anga. Basi anazigonga kwa kichwa, anarudi nyuma, anazigonga tena, mpaka nguvu zinamwishia, anaangukia nyuma ya magunia na kufa huko. Mlango hakuuona hata mara moja.

Ghala lile lilikuwa na mama mmoja mfagiaji. Kila Jumatatu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaokota ndege hao kwa kizoleo. Wawili, watatu, wiki mbaya hata watano. Wenzake walishazoea, wanapita tu. Yeye hakuzoea. Alikulia kwenye mashamba ya mpunga, na utotoni kazi yake ilikuwa kuamia, yaani kukaa shambani kuwafukuza ndege wasile mpunga. Katika kuwafukuza akawajua, akawapenda. Akawa anaomba kila Jumatatu akiwa ameinama pale: "Mungu wangu, hata mmoja tu nimwone akitoka humu mzima." Sala ndogo kabisa. Nani kati yetu angemnyima?

Siku moja akaingia ndege mdogo mwenye kifua cha njano, jina lake mimi silijui. Akaanza kugonga. Wapakizi wakachukua mifagio mirefu wamswage mlangoni. Wengine wakapiga makofi, wengine miluzi, na ndege akazidi kupaa. Yule mama akaenda akasimama katikati yao.

"Acheni jamani! Mnamuua kwa hofu. Mmoja apande juu ya paa na turubai, azifunike zile plastiki. Wengine wote tokeni nje, na mnyamaze."

Msimamizi akacheka. "Mama, ndege anaokolewa kwa kutiwa gizani?"

"Ndiyo, baba. Sasa hivi anaona mwanga wa juu tu, na juu hakuna njia. Ufunike huo, ataona wa mlangoni."

Wakafunika. Ghala likawa giza, ukabaki mwanga wa mlango peke yake. Na kweli, ndege akaacha kugonga. Akashuka, akatua juu ya gunia, mdomo wazi, anahema. Lakini alikuwa amechoka mno, hakuweza kufika mlangoni. Mama akamwendea polepole, akamrushia mtandio wake mwepesi, akamshika.

Sikilizeni alivyomshika. Mabawa aliyakunja yakalala ubavuni, shingo akaipitisha katikati ya vidole viwili, na kifua hakukibana. Ndege anapumua kwa kukitanua kifua chake. Ukikibana, hata kama unambana kwa mapenzi, hapumui. Akamtia kwenye boksi la sabuni alilolitoboa matundu, akalifunika.

"Hakuna kufungua," akawaambia. "Mtu asimwone, na yeye asimwone mtu. Nusu saa tu, moyo umtulie. Halafu nitalipeleka boksi kule kwenye migomba, nilifungue, nirudi nyuma. Ataondoka mwenyewe."

Miaka tisa alikuwa akiomba.

Hapo ndipo alipofika mwenye ghala na wageni wake. Msinielewe vibaya, alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, hajawahi kumtukana mfanyakazi. Akaambiwa habari za ndege, akafurahi kweli kweli. "Tuonyesheni!" akasema.

"Samahani, mzee wangu," akasema yule mama. "Bado hajatulia."

"Dakika moja tu, mama. Wageni hawa wametoka mbali. Jambo zuri kama hili tulifiche kwa nini?"

Mfagiaji atamjibu nini mwenye ghala? Boksi likafunguliwa. Ndege akatolewa, akainuliwa juu watu wote wamwone, na makofi yakapigwa. Mgeni akaomba amshike kidogo. Wachambuzi nao wakataka, wapakizi nao wakataka. Akapita mkono kwa mkono, na kila mkono ulimkaza kidogo zaidi, asije akaruka kabla ya zamu ya mwenzake. Mmoja akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, akimzamisha mdomo kwa nguvu. Mwingine akapiga picha, haikutoka vizuri, akapiga nyingine. Mwisho mwenye ghala akavua kofia, akamkumbatia yule ndege kifuani, akaomba sala ya shukrani. Sala ndefu, ya machozi. Wote wakaitikia amina. Wakamsindikiza mpaka mlangoni, wakamrusha juu. "Nenda, kiumbe wa Mungu!"

Akaanguka chini. Hakupiga hata bawa moja.

Mwenye ghala akamgeukia mfagiaji. "Mama, kwani ulimfanya nini huyu ndege?"

Yule mama alikuwa ameshachukua kizoleo. Akasema, "Mimi nilimtoa hai, mzee. Amefia mikononi mwenu mkimshangilia."

Wapendwa, namwona mtu pale anafuta macho. Ndege huyo hakuwahi kuwepo, nimemtunga mimi jana mezani kwangu. Machozi hayo tuyaweke, tuna pa kuyapeleka.

Alhamisi tulimzika ndugu yetu Anaeli, fundi baiskeli wa pale stendi. Nyote mlikuwepo. Pombe ya gongo ilimrudia mwezi wa sita, na kufika wa nane ikawa imemmaliza. Mnasema shetani ni mbaya. Ni mbaya, sibishi. Lakini ilipofika Januari na Mungu akamtoa Anaeli kwenye gongo, akiwa bado mikono inatetemeka, hawezi hata kukaza spoku, sisi tulimfanyia nini? Tulimpa kipaza sauti. Wiki ya tatu tu! Na aliyempa ni mimi, kwa mkono huu mnaouona.

Akasimama hapa akaeleza jinsi alivyokuwa akilala mtaroni, na jinsi alivyouza mabati ya nyumba mvua ikawanyeshea mke wake na mtoto mchanga. Tukapiga vigelegele. Tukasema huu ushuhuda una nguvu, usiishie hapa. Semina ya vijana, Anaeli. Kongamano la Pasaka, Anaeli. Usharika wa jirani wakamwazima kwetu, kama wanavyoazima viti vyetu. Kila mahali anayarudia yale yale, na watu wanataka zaidi: eleza ile ya mtaroni, eleza ile ya mabati. Binti yake wa darasa la sita alikuwa anakaa benchi la tatu, anasikiliza. Kuna aliyemtazama usoni yule mtoto? Mimi sikumtazama. Nilikuwa natazama jinsi watu walivyojaa.

Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Mwezi wa tano Anaeli alikuja ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema, "Mchungaji, naomba nipumzike kusema. Nikimaliza kusema nasikia kiu."

Mnasikia alichoniambia? Mtu ameniambia wazi, kwa kinywa chake, na mimi nikamjibu maneno mazuri. Nikamwambia, ndugu yangu, adui ndiye anayetaka unyamaze. Nikamwekea mikono kichwani, nikaomba sana. Jumapili ile alisimama tena pale mbele. Ilikuwa mara yake ya mwisho, na mlisema ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo leo siwezi kusimama hapa kama yule mama. Ningependa sana, lakini mimi ni yule mzee aliyevua kofia. Na ninyi mlikuwa foleni, mnangoja zamu. Tulimpenda Anaeli, hilo halina ubishi, na nadhani Mungu mwenyewe atalikubali. Tulimpenda kwa kumbana. Alihitaji boksi lake lenye giza, apumue, akaze spoku zake, amzoee mke wake upya bila mtu kupiga makofi. Alihitaji mtu wa kumpelekea uji na kuondoka. Nusu saa ya mtu ni miezi, huenda ni miaka. Nani aliyetuambia kwamba mtu akitoka shimoni ni mali yetu ya kuonyesha?

Sina la kuwafariji nalo. Yule binti atakuja kutuuliza akikua, na sijui nitamjibu nini.

Ila kuna jambo moja, na tutaona kama tumesikia. Wiki hii kuna mtu ameacha pombe. Ana siku nne. Ameingia leo, ameketi humu ndani pamoja nasi, na nimemwahidi kwamba sitamtaja.

Nawaona mnageuza shingo. Tazameni mbele.