Milia Waliohesabiwa Wakiwa na Kiu

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Watoto mbele, na wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza.

Hapo zamani za kale, katika nchi kavu ya kaskazini, palikuwa na punda milia wa masikio ya duara na milia myembamba. Walikuwa wengi. Wakawa wachache. Wakazidi kuwa wachache.

Miongoni mwao alikuwepo Mchirizi, mama wa mtoto wa wiki mbili. Mchirizi hakutulia. Kwatu, kwatu, huku. Kwatu, kwatu, kule. Asipokunywa maji kila siku maziwa yake hukatika, na maziwa yakikatika mtoto hana kingine.

Na maji yalikuwepo. Kisima walikichimba wenyewe kwa kwato, kwenye mchanga wa mto mkavu. Ila sasa kilizungushiwa boma la miiba. Nani kalijenga? Nyani, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuokoa Milia. Kisima, alisema, kihifadhiwe mpaka sensa ikamilike, kisichafuliwe na kwato. Wanakamati pekee, nyani wenzake, ndio walioingia, kupima ubora wa maji. Wakaupima asubuhi. Wakaupima mchana. Wakatoka ndevu zinadondosha maji, cho, cho, cho.

Sensa yenyewe ilikuwa hivi: milia wote wapange mstari juani, ubavu wa kulia umwelekee Mwenyekiti, asitikisike mtu. Siku ya kwanza wakahesabiwa arobaini. Siku ya tatu, thelathini na mmoja. Siku ya tano, kumi na tisa. Nyani akashika kichwa, akasema hali ni siriasi, akaitisha semina.

Shangazi Kovu, jike mzee kuliko wote, akauliza kama si kiu inayowamaliza wenzao. Nyani akamjibu kwamba hilo hasa ndilo linalofanyiwa utafiti, na kwamba maswali yana kipindi chake mwishoni.

Siku ya sita mtoto akanyonya. Akavuta. Akagonga kiwele kwa pua, du, du. Hakuna kitu. Akalala chini, asijaribu tena.

Mchirizi akatoka mstarini. Kwatu.

"Bi Mchirizi, protokali," Nyani akasema. "Ukitoka hapo utaandikwa marehemu."

"Niandike."

"Sikiza, mama. Mimi nimewasomea ninyi. Mko hatarini."

"Najua, Mwenyekiti. Hatari yenyewe ina mkia na inaitisha semina."

Kwatu, kwatu, kwatu, moja kwa moja bomani. Akageuka, akapiga teke. Kra! Miiba ikamchana miguu, damu ikatoka. Akapiga tena. Shangazi Kovu akaja, akasema kwa umri wake kuandikwa marehemu wala si habari, naye akapiga lake. Wakaja wawili. Wakaja wote. Kra, kra, kra, boma chini.

Mchirizi akanywa hadi tumbo likaguna. Akarudi mbio kwa mwanawe, akamsukuma kwa pua, inuka, inuka baba. Maziwa hayakuja upesi. Akangoja, roho juu. Kisha yakaja. Mtoto akanyonya, mkia ukicheza.

Nyani akabaki na uwanja mtupu. Akahesabu: sifuri. Akatuma ripoti kila pori kwamba milia wamekwisha duniani, na huku nyuma yake wanakunywa, gu, gu, gu.

Funzo ni hili: ukimwona mnyama anapungua, mrudishie maji yake na malisho yake kwanza, ndipo umhesabu.

Hadithi yangu imekomea hapo.