Miaka ya Kibwana Iliyobaki

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na mwandishi aitwaye Kibwana, mzaliwa wa Mikindani. Alihamia Bergen, mji wa Norwe wenye mvua isiyochoka, akaishi humo hata kichwa kikajaa mvi. Kiswahili angesema na nani? Alisema na sufuria zake. "Haya, chemka basi," aliiambia sufuria, nayo haikumjibu.

Aliandika riwaya kwa Kinorwe. Ikapendwa, watu wakamwomba nyingine. Lakini Kibwana aliandika polepole mno. Riwaya ile ilimlia miaka mingi. Alijijua: amebakiwa na nguvu za kazi moja tu.

Mama yake, Bi Mwanahamisi, akapiga simu kutoka Mikindani.

"Mwanangu, hadithi zote za riwaya yako ulizisikia kwangu. Wageni wamezisoma, mimi mwenyewe sijasikia hata neno. Hii nyingine andika kwa Kiswahili, nisomewe kabla masikio hayajaziba."

"Ndiyo, mama," akasema Kibwana.

Akashuka ngazi kumjulia hali jirani yake, Solveig, mjane asiye na mtoto. Huyu ndiye aliyemfundisha Kinorwe. Kila ukurasa wa riwaya aliusoma kwa sauti, na ulimi ulipokwama, wakatengeneza pamoja. Sasa macho ya Solveig yalikuwa yamekufa.

"Kibwana, mlango huu haugongwi na mtu ila wewe," akasema. "Andika tena kwa Kinorwe. Safari hii unisomee wewe, nami nikwambie panapokwama."

"Ndiyo," akasema Kibwana.

Akapanda kwake. Akamkuta binti yake, Tausi, amekaa jikoni, koti hajalivua. Tausi alizaliwa huko huko Bergen, na Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja. Akasema kwa Kinorwe:

"Baba, bibi akipiga simu namwambia shikamoo, basi. Halafu tunasikilizana tunavyopumua. Utotoni mwangu mlango wako ulikuwa umefungwa, unaandika. Nakuomba usiandike tena. Jioni zako nipe mimi. Nifundishe Kiswahili, nizungumze na bibi angali hai."

Kibwana akafungua kinywa. Kiswahili kikaja kwanza, naye akajua mwanawe hatakielewa. Akatafuta Kinorwe, lugha ya vitabu vyake, asipate hata neno la kumwambia mtoto. Akaketi mbele yake. Ile "ndiyo" aliyowapa wenzake wawili, kwa Tausi haikutoka.

Tausi akangoja. Ghorofa ya chini Solveig akangoja. Mikindani, Bi Mwanahamisi akangoja.

Nanyi mlioketi hapa, msiniachie mimi peke yangu. Mmoja alimpa hadithi. Mmoja alimpa lugha ya kuzisimulia. Mmoja hakupewa hadithi wala lugha. Je, nani alistahili miaka ya Kibwana iliyobaki?