Mgeni Asiyekuwapo

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemen palikuwa na mwanachuoni aitwaye Sheikh Labibu, ambaye moyo wake uliingiwa na husuda. Kila alipoketi kusomesha, watu walimpita wakaenda darasani kwa Sheikh Nusairi, ambaye akiitaja Akhera hulia, na wasikilizaji wakalia naye. Labibu akawa chakula hakimpiti kooni, usingizi haumjii. Akajisemea, "Machozi ya hadharani hayo! Nyumbani kwake hakosi kuwa na lake."

Asubuhi moja akapita ubavuni mwa nyumba ya Nusairi, akasikia sinia likipigwa, na Nusairi mwenyewe akiimba nyimbo za harusi. Furaha iliyomjaa Labibu, Allah ndiye ajuaye. Akausukuma mlango bila ya hodi.

Alimkuta Nusairi amejitanda shela ya kike, anaimba na kumlisha uji ajuza mmoja. Yule bibi akamtazama Labibu akatabasamu. "Umechelewa, mwanangu. Bwana harusi keshaingia."

Nusairi akasema taratibu, "Ni mama yangu. Akili imemtoka. Kila kukicha hudhani leo ndiyo harusi yake, na asipoimbiwa hali chakula."

Labibu akainamisha kichwa. Angeweza kusema amekuja kumjulia hali mgonjwa, lakini akaona haya mbele ya Mola wake. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuhusudu siku nyingi. Nilikuja kutafuta aibu yako."

"Allah atusamehe sote," akajibu Nusairi. "Ila usitoke hapa ukanisifu. Umenikuta siku njema. Jana nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Watu wanadhani naililia Akhera; aghalabu namlilia huyu."

Labibu akarudi kwake ameelemewa. Akamsalimia mkewe, Bibi Rabwa, kwa upole, kwa sauti ile aliyozoea kuwasomeshea watu, si ile ya nyumbani. Rabwa akavuta ushungi wake upesi.

"Umekuja na mgeni, bwana?"

Labibu akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Sina mgeni, Rabwa," akasema, na machozi yakamtoka.

Ndugu zangu, huenda tukahangaika kuchungulia mapazia ya wenzetu, na hali walio nyuma ya mapazia yetu ndio watakaoulizwa habari zetu. Mola atusitiri, na atutengeneze ndani kabla ya nje.