Ngiri Alisema "Nimeona"

Wallahi! Nasema tena, wallahi, wasikie hata wa ng'ambo ya mto! Kila neno hapa ni kweli tupu. Nikidanganya, nywele hizi zinyonyoke zote. Paukwa!

(Pakawa.)

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Yule msimuliaji wa mtaa wa pili mnamwitikia mpaka mabati yanatetemeka! Paukwa!

(Pakawaaa!)

Haya. Hapo zamani za kale, ziwa lenyewe bado linanyonya, wanyama walikuwa na chama cha mashua. Chama kilikuwa na kapi moja, lile gurudumu la kupitishia kamba. Limening'inia mtini, kubwa kuliko nyumba hii. Nimeligusa mimi, kwa mkono huu! Mashua ikitaka kusuguliwa tumbo, inafungwa, inavutwa, krii, krii, krii, inapanda juu.

Kapi lilikuwa la wote. Wakaweka desturi. Mwenye mashua hakagui kamba, maana ana haraka zake. Anayekagua ni mwenzake. Akimaliza anapaza sauti, "Nimeona!" Ndipo wanavuta. Akiona hatari anainua mkia, tii! Wote wanasimama.

Siku hiyo zamu ya kukagua ilikuwa ya Ngiri. Mashua ya Nguchiro. Mpya! Nyekundu, inang'aa, ukiitazama unajiona mpaka magego.

Wanyama wote, "Hongera, Bwana Nguchiro! Mashua kama bibi harusi!"

Ngiri moyo ukamwaka, fuu! Yake ilikuwa kuukuu, inavuja, haijasifiwa hata na nzi. Na asubuhi ile mkewe kamwambia, "Baba watoto, umeiona ya Nguchiro? Hiyo ndiyo mashua!" Lo! Uji akausukumia mbali.

Basi akaenda kukagua. Akatazama kamba. Akaona. Pale inapopita kwenye kapi, nyuzi zimelika, zimebaki chache kama ndevu za mbuzi.

Kiboko, mvutaji wao, akauliza, "Vipi, Bwana Ngiri?"

Ngiri akatazama kamba. Akatazama ile nyekundu. Moyoni akasema, "Ianguke. Ipasuke. Tuone kama watasifu vipande. Na uongo sitakuwa nimesema."

"Nimeona!"

Si kweli aliona?

Krii, krii, krii. Mashua ikapanda. Mara, nani huyo anapita chini yake, shingo juu? Bi Ngiri!

"Jamani, hata tumbo kalipaka rangi! Baba watoto, njoo uone!"

"Toka hapo, mke wangu!"

"Wivu huo! Mtu kasifiwa, unaumwa wewe!"

Juu, kacha! Uzi mmoja. Kacha! Wa pili.

Ngiri akainua mkia, tii! Mbio! "Simamisheni! Kamba imelika!" Akampiga mkewe kikumbo, wakabingirika, gili gili gili. Puuu! Mashua ikadondoka palepale aliposimama mama wa watu. Vumbi lilifika mwezini.

Nguchiro hakutazama hata vipande vya mashua yake. Akamtazama Ngiri.

"Umejuaje kamba imelika?"

"Ni... niliona."

"Lini?"

Bi Ngiri akajipangusa vumbi, polepole. "Uliona, ukanyamaza?" Akashika njia ya nyumbani, peke yake.

Tangu siku hiyo, ukimwambia Kiboko "Nimeona," havuti. Anakuuliza, "Umeona nini?"

Na Ngiri? Mtazameni akikimbia. Mkia juu, tii! Ule mkia uliochelewa siku ile, mpaka leo mbio zikianza tu, wenyewe unawahi kusimama.

Sikieni, wakubwa na wadogo. Ukipewa kukagua kitu cha wote, umeshika roho za wote, hata ya yule unayemwonea wivu, hata ya mkeo. Ukiona hatari, iseme.

Hadithi yangu imetua hapo, polepole, wala haikumwangukia mtu. Ila nawaomba, msiisimulie popote. Hasa asiisikie yule wa mtaa wa pili. Ataisimulia yeye, halafu mtamsifu.