Mashine Iliyokataa Kusimama

Wapendwa, Tukuyu mvua ikianza haikuulizi umefua lini. Baba mmoja wa huko alipopata mtoto wake wa kwanza, Tusajigwe, nepi zilikaa kambani wiki nzima mbichi. Akanunua mashine ya umeme ya kukaushia nguo, akaisimamisha koridoni, kwenye ukuta wa mbao. Mama mkwe wake naye akaja kumsaidia binti yake kulea.

Jumamosi moja mchana, baba huyo anatazama mpira sebuleni, umeme ukakatika. Akachungulia dirishani: kwa jirani redio inaimba. Akainuka kwa hasira. Koridoni akamkuta mama mkwe chini ya swichi kuu, mkono bado uko juu, anahema.

"Mama, ni wewe umezima?"

"Ni mimi, baba. Mashine inazunguka tangu asubuhi, haitaki kusimama. Sasa inanuka moshi."

Akaenda kuitazama. Bati halishikiki kwa joto. Nepi za ndani zimekuwa kahawia kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Je, alishukuru? Thubutu! Alimgeukia mama aliyemzalia mke.

"Kitu usichokijua si usikiguse, Mama? Tangu umefika humu hakuna kinachopona!"

Jamani! Na ni mama mkwe huyo! Mke wake alitoka chumbani na mtoto begani, asiamini masikio yake. Mama mkwe aliingia chumbani kwake, akaanza kukunja vitenge vyake kimoja kimoja na kuvitia kwenye begi.

Fundi alifika saa kumi. Akaisogeza mashine, na wote wakaona ukuta. Mbao zilikuwa nyeusi tii, zimeanza kuliwa na moto. Na upande wa pili wa mbao zile ndipo kilipo kitanda cha mtoto.

Mke alipiga yowe. Baba aligusa ukuta kwa kidole, kidole kikatoka na masizi.

Fundi akafungua mgongo wa mashine, akaonyesha kipande cha waya.

"Hapa pana kifaa kinachopima joto. Likizidi, kinakata umeme. Nguo zikikauka, ndicho kinachoijulisha mashine isimame. Kuna mtu amekiruka: ameunganisha waya huu ili umeme upite pembeni. Nani?"

Baba yule alikumbuka. Wiki mbili nyuma mashine ilikuwa ikijizima kabla nguo hazijakauka, akaona inamchelewesha. Akachukua bisibisi.

"Mimi," akasema. "Ilikuwa inazima ovyo."

"Haikuzima ovyo, mzee. Bomba la hewa limezibwa na manyoya ya nguo. Ilikuwa inakuomba uzibue."

Baba yule akaenda hadi mlangoni kwa mkwe wake, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeiharibu. Ungechelewa kidogo tu, mtoto…"

"Zibua bomba kwanza," Mama akasema. "Halafu tutaongea."

Ndugu zangu, sisi tumeunganisha waya mara ngapi? Siku ya kwanza ulipomdanganya mwenzako, moyo haukukuuma? Ulikuuma. Ukautafutia njia ya kuuruka: "Kila mtu anafanya." Siku ya pili ukauma kidogo. Leo hauumi kabisa, nawe unasimama hapa kushuhudia kwamba una amani. Amani gani hiyo? Mungu aliweka ndani yetu kitu cha kutusimamisha, na sisi tumekiona kero. Na akitokea mtu wa kutuzuia, mke, mzazi, rafiki, tunasema yeye ndiye mharibifu!

Usimtazame jirani yako. Nasema na wewe. Kuna mtu nyumbani kwako humsemeshi hadi leo kwa sababu alikuambia ukweli. Ibada ikiisha, usisubiri kunipa mkono. Nenda kwake.