Chakula Kilipoanza Kulala Mkangani

Mambo yalianza Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Mfunguo Tatu, kati ya alasiri na magharibi, jua likiwa limebakiza urefu wa mchi juu ya minazi ya Bi Nyamvula. Sisi watu wa Mkangani hatuachi kuitaja siku hiyo wala saa yake, maana ndipo chakula kilipolala kijijini kwetu kikaamka kizima.

Kabla ya hapo, Mkangani hapakuwa na kiporo. Kilichopikwa kililiwa siku hiyohiyo, na kilichobaki kilimwagwa jaani kabla jua halijazama, kiwe tonge moja au chungu kizima. Watu walikuwa na sababu yao. Zamani, Bi Nyamvula mwenyewe akiwa mtoto, palifanyika harusi, wali ukabaki, ukaliwa asubuhi, na kabla ya jioni nyumba tatu zilikuwa zimezika watoto. Wazee wakakataza chakula kulala. Mke atakayekilaza, wakasema, arudishwe kwao asubuhi yake, vyombo vyake kichwani, asisindikizwe na mtu.

Miaka ikapita, na katazo lililoanza kwa hofu likawa jambo la kujivunia. Kumwaga kingi ikawa ndiyo dalili ya kushiba. Kila jioni wanawake walisimama nyuma ya nyumba zao wakaitana:

"Umemwaga?"

"Nimemwaga!"

"Kiasi gani?"

"Nusu chungu, na samaki juu yake!"

"Haya bwana, wenye nacho!"

Mwenye jaa refu ndiye aliyesalimiwa kwanza kisimani. Aliyekuwa na ukoko tu wa kumwaga aliingia ndani mapema, akasingizia kichwa. Na kila mwaka, mavuno yakikaribia, maghala yalibaki na vumbi, na watu haohao waliingia msituni kuchimba viazi mwitu. Walilaumu mvua. Walilaumu nguruwe na panya. Jaa hakuna aliyelitazama.

Ndipo akaja Mwatime. Alitoka upande wa nyika, ambako mvua ni chache na mpunga hufika kwa kubebwa kichwani, akaolewa na Ndaro, mtoto wa pekee wa Bi Nyamvula. Alikuwa binti wa wasiwasi. Kabla ya kutia chumvi aliuliza, na akishaitia aliuliza tena. Mlango akishaufunga, alirudi kuusukuma kuona kama umefungwa kweli. Siku za fungate zilikwisha, na Alhamisi hiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza kupika katika jiko la mama mkwe.

Siku yenyewe haikuwa ndogo. Bi Nyamvula alikuwa amewaita watu wa kulimiana kutoka ng'ambo ya mto waje kumlimia shamba lake la bondeni. Mchele wote uliokwisha kutwangwa ukaingia chunguni. Mwatime aliupika kwa maji na chumvi, na kunde akazichemsha pembeni. Tui hakulitia. Alisema moyoni atalikamua wageni wakishaonekana wanavuka, lisije likakatika wakati wa kusubiri. Adhuhuri mvua ikanyesha, mto ukajaa, na hakuna aliyevuka. Familia ikala, ikashiba, na wali ukabaki kama haujaguswa.

"Mwatime, mwanangu, jua hilo," Bi Nyamvula akasema. "Kamwage."

"Ndiyo, mama."

Jirani yao, Bi Mwanatumu, alikwisha kuchungulia juu ya ua wa makuti. "Leo kwa Nyamvula tutasikia kishindo! Chungu kizima! Sisi wengine tutaweka wapi nyuso zetu?"

Bi Nyamvula akacheka kwa raha, akajitandia kanga vizuri.

Mwatime akakibeba chungu mpaka jaani. Akasimama. Akakiinamisha, akakiinua, akakiinamisha tena. Kisha akageuka nacho, akarudi jikoni, akafunga mlango, akausukuma kuona kama umefungwa.

Nje wanawake wakaanza kuitana. Nyumba moja baada ya nyingine ikajibu, mpaka ikafika zamu ya kwa Bi Nyamvula, na kwa Bi Nyamvula kukawa kimya. Mama mkwe akaenda jikoni kuuliza kulikoni. Akamkuta mkwe wake amechuchumaa mbele ya ungo uliotandikwa majani ya mgomba, ameutandaza wali wote juu yake, anaupepea.

"Unafanya nini?"

"Naupoza, mama."

"Cha kumwagwa kinapozwa cha nini?"

"Siumwagi." Mwatime akashtuka mwenyewe kusikia alichosema. "Nisamehe, mama. Mikono imekataa."

"Unajua mke anayelaza chakula hufanywa nini hapa?"

"Najua. Ndaro aliniambia."

"Na bado?"

"Na bado, mama."

Bi Nyamvula akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakikalia. Hakupiga kelele. Akamweleza habari ya ile harusi ya zamani, na kwamba mmoja wa watoto waliozikwa siku ile alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yake, aliyekuwa hajang'oka hata jino moja la utotoni. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho.

Mwatime akamsikiliza, akampa pole. Kisha akauliza, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kuliuliza, "Wali ule ulikuwa na tui?"

"Wali wa harusi ukose tui?"

"Ulifunikwa ungali moto?"

"Kwa majani ya mgomba, na magunia juu yake, usipoe."

"Chungu kikalala wapi?"

"Chini, karibu na mafiga. Palipokuwa na joto."

"Na asubuhi ukachemshwa?"

"Uliliwa vilevile, vuguvugu. Watoto walikuwa na haraka ya kwenda kucheza."

Mwatime akaweka chini kipepeo cha kupepea wali. "Mama, wali ule haukulala. Ulikesha."

Akamweleza wanavyofanya kwao nyikani. Chakula cha kesho hakitiwi nazi leo. Hutandazwa kwanza kikapoa upesi, hakifunikwi na mvuke wake. Hutundikwa juu panapopita upepo, mbali na moto na mbali na sakafu. Asubuhi huchemshwa mpaka kitokote katikati, wala si pembeni tu, ndipo kiliwe. Na kikishapashwa moto hivyo hakilazwi tena usiku wa pili.

"Na kama umekosea?"

"Nitakuwa wa kwanza kukila."

"Ukifa, mimi nimwambie nini mama yako?"

"Mwambie niliuchemsha kwanza. Atajua kosa halikuwa la wali."

"Una mdomo wewe."

"Ni hofu, mama. Nikiogopa, nasema sana."

Bi Nyamvula akautazama wali, akamtazama binti. "Haya, ulale. Lakini ukinuka kesho, hata kidogo, utafunga mzigo wako kabla umande haujakauka. Sitakutetea, na Ndaro hatakutetea."

Akatoka nje. Bi Mwanatumu alikuwa bado anasubiri uani. "Nyamvula! Umemwaga?"

"Nimekusikia," Bi Nyamvula akajibu, akaingia ndani.

Mwatime hakuwa na pa kuutundika wali. Akaifungua kamba ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, iliyofungia mkeka wake, akaisuka ikawa wavu wa miguu minne iliyokutana chini kwenye kitanzi, ukubwa wa kupakata chungu. Hiyo ndiyo susu ya kwanza kuonekana Mkangani. Akaisugua kamba kwa mafuta ya mwarobaini ili sisimizi wasiifuate, akaitundika kwenye boriti karibu na upenu. Wali uliopoa akaurudisha katika chungu safi, akaufunika kwa kawa ya ukindu ili upumue. Kunde akazichemsha tena, akazipoza, akazitundika kando kwa kamba iliyobaki. Akaenda kulala, akarudi kuangalia fundo, akaenda tena.

Ijumaa, mapambazuko, sauti zikasikika uani. "Hodi wenyewe! Mto umepungua, tumekuja!"

Walikuwa watu wa ng'ambo, majembe begani, wakiongozwa na Mzee Mwakulola, mtu mzima mwenye utani mwingi. Walikuwa wameondoka makwao bila kutia kitu kinywani, kwa sababu anayelimiwa ndiye anayelisha. Bi Nyamvula akawakaribisha kwa uso mkunjufu, lakini macho yake yalikimbilia ghalani. Ghalani mlikuwa na mpunga, si mchele. Kuutwanga na kuupepeta kungechukua mpaka adhuhuri. Na mwenye shamba aliyewapeleka walimaji jembeni na njaa alisimuliwa ng'ambo ya mto mpaka kwa wajukuu.

Akaingia jikoni. Mwatime alikwisha kukuna nazi. Wakaishusha susu pamoja, mmoja huku na mmoja huku, wakafunua kawa. Bi Nyamvula akaingiza pua chunguni, akaitoa, akaingiza tena. Wali ulinuka wali.

Mwatime akautia tui jepesi na chumvi, akaukoroga kwa mwiko mpaka ukatokota katikati, kisha akamalizia kwa tui zito, ukawa mashendea laini, meupe. Kunde akazikaanga kwa vitunguu. Akapakua kidogo, akaketi sakafuni, akala mbele ya mama mkwe, ambaye alimtazama kama mtu anayemtazama mwanawe akivuka maji. Alipomaliza, Bi Nyamvula akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

"Mama, ngoja kwanza uone kama—"

"Nipe."

Akala. Akatafuna polepole, macho ameyafumba, na chozi likamtoka, ambalo baadaye alisema ni moshi. "Jana haukuwa mtamu hivi," akasema.

Angeweza kuwaandalia wageni akanyamaza. Hilo hakulifanya, na ndiyo maana tunamtaja kwa heshima hadi leo. Alitoka uani na chungu mikononi, akasimama mbele yao.

"Wali huu ulilala hapa kwangu usiku kucha. Mkwe wangu ameula, na mimi nimeula. Anayeogopa asilazimishwe, muhogo uko shambani, achimbe."

Watu wakatazamana. Mzee Mwakulola akaweka jembe chini, akanawa mikono.

"Mimi mwenyewe nimelala usiku kucha, na nimeamka mzima," akasema. "Tena kwangu hakuna aliyenitia tui. Lete hapa!"

Watu wakacheka, na mwenye kucheka hawezi tena kukunja uso mbele ya chungu. Wakala mpaka wakakomba. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa kando akisubiri wenzake waanguke alisogea mwishoni, akakuta ukoko tu, na wenzake wakamwambia aende akachimbe muhogo wake.

Walilima siku nzima. Bi Nyamvula alizunguka mashambani akiwatazama nyuso, akimuuliza huyu tumbo, akimuuliza yule kichwa, mpaka Mzee Mwakulola akamwambia kama anataka kuwaona wagonjwa atafute kwanza wavivu. Jua likateremka. Hakuna aliyeshika tumbo. Shamba lote la bondeni lilikuwa limepinduliwa, jeusi na laini.

Jioni wanawake wakaitana. Bi Mwanatumu akapaza sauti, "Nyamvula! Leo umemwaga?"

"Natundika!"

"Unatundika nini?"

"Njoo uone!"

Jiko likajaa watu. Bi Nyamvula akasimama chini ya susu, akawaeleza kama aliyeisuka yeye. "Kwanza mnakifunika kwa kawa..."

"Kwanza kipoe, mama," Mwatime akamnong'oneza kwa nyuma.

"Nilikuwa nakuja hapo. Kwanza kinapoa! Na nazi hakitiwi!"

Bi Mwanatumu akauliza, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, kama mkwe anarudishwa kwao lini, maana katazo ni katazo.

"Mkwe wangu harudi kokote," Bi Nyamvula akasema. "Anayetaka kumrudisha aanze kunirudisha mimi. Nami nimelaza chakula, na leo nakilaza tena." Akachukua kilichobaki cha mchana, wali mweupe aliowatwangia walimaji kwa mkono wake na usiokuwa na tui, akautandaza kwenye ungo mbele yao wote.

Mwaka ule maghala ya Mkangani yaliyafikia mavuno, na msituni hakuna aliyekwenda kuchimba.

Na tangu siku hiyo hakuna jiko la Mkangani lisilokuwa na susu. Majaa yetu ni mafupi, nasi twajivunia ufupi wake kama wale wa zamani walivyojivunia urefu. Mgeni akibisha alfajiri hasubiri mchi. Hupewa mashendea, na sijaona popote panapopikwa kama kwetu. Binti wa Mkangani akiolewa mbali, mama yake humsukia susu ya usumba aende nayo. Na mkwe anayeletwa kwetu haulizwi anajua kupika nini, huulizwa atakifanyaje kilichobaki.

Tena liko jambo moja ambalo wageni hulicheka. Kwetu, bibi harusi akishapika mara yake ya kwanza na chakula chake kikalala salama, haamshwi asubuhi. Mama mkwe ndiye anayeishusha susu, ndiye anayewasha moto. Wanasema tunawadekeza. Na waseme, hawajui habari ya Jumamosi ile.

Jumamosi ile Mwatime, ambaye tangu aolewe alikuwa akiamka kabla ya jogoo, alisikia kuni zikivunjwa jikoni na nazi ikikunwa. Akaketi kitandani, kanga mkononi, akangoja kuitwa. Hakuitwa. Akasikia mwiko ukigusa chungu polepole, harufu ya tui ikapenya mlangoni, akasikiliza chungu mpaka akajua kwamba wali umetokota katikati. Basi akajilaza tena, akajifunika kanga mpaka kichwani, akalala mpaka jua likajaa chumbani.